Kitambaa Juu ya Kamera, Ujiji

Niliondoka Kahama kwa sababu ya kaka yangu mkubwa, Hamisi. Yeye anaishi Dar es Salaam, na ndiye aliyeachiwa na marehemu baba kiwanja cha Gungu, huko juu mbali na maji. Ziwa limekuwa likipanda miaka hii na nyumba ya mama pale Ujiji imo njiani mwake, lakini mama hahamii Gungu mpaka mwanawe mkubwa atamke. Kaka naye hatamki. "Mnakuza mambo," husema kwenye simu. "Nionyesheni basi."

Masika yalipoanza nilikwenda kumtengenezea cha kuona. Mimi ni fundi simu. Nilichukua kompyuta ya ubao mmoja, ndogo kama kiberiti, nikaiunganisha na kamera, nikaifungia ndani ya kopo la plastiki na kuipa umeme wa sola. Niliitega dirishani kwa jirani yetu, Bi Zaituni, ikitazama nyumba ya mama. Ilikuwa ipige picha moja kila robo saa, nami nije kuziunganisha ziwe video, ili kaka aone masika mazima yakipita kwa dakika chache. Safari hii nilikuwa narudi kuichukua.

Kibondo tulishuka kwenye basi tukala. Kasulu tulipokewa na mvua. Tulipofika Kidahwe, mama mmoja niliyekaa naye kiti kimoja aliniuliza kwetu wapi.

"Ujiji, upande wa ziwani."

"Bado mpo?" akasema, akageukia dirisha.

Kutoka stendi ya Kigoma nilichukua bajaji moja kwa moja hadi nyumbani. Jiko la nje halikuwepo tena. Maji yalikuwa yameingia sebuleni, na mama alikuwa anapikia kibaraza cha nyuma. Aliitikia shikamoo yangu kwa furaha na kunitengea chai, kana kwamba ndivyo watu wanavyoishi. Nilikuwa na hasira, nikaiacha chai nikatoka.

Kwa Bi Zaituni niliikuta kamera imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, vile vya maua tunavyoweka juu ya redio na televisheni.

"Bi Zaituni, hiki kimewekwa lini?"

"Siku ile ile ulipoondoka, baba. Kitu cha thamani vile nikiache kipigwe vumbi? Wewe mwenyewe ungenionaje?"

"Masika yote?"

"Ijumaa nakitoa, nakifua. Kikikauka nakirudisha." Alisema kwa fahari. Ningemgombezaje mtu aliyenitunzia mali kuliko yake?

Jioni, pale pale kwa Bi Zaituni, nilifungua kompyuta mpakato nikaziunganisha picha. Nyuzi nyeupe, nyuzi nyeupe, halafu Ijumaa: nyumba ipo na jiko lake. Nyuzi tena. Ijumaa nyingine, maji yako mlangoni mwa jiko. Nyuzi. Jiko limelala. Nyuzi. Mama anatokea na ndoo, peke yake, akichota maji sebuleni na kuyamwaga nje, ambako nje penyewe ni maji. Nyuzi. Nililia mbele ya Bi Zaituni na sikuona aibu. Lakini nilijipa moyo kwamba Ijumaa zile zilitosha. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikamtumia kaka.

Ujumbe wake wa sauti ulikuja baada ya isha. "Sasa hii video mbona imejaa vitambaa? Haieleweki, bwana. Itege tena masika yajayo, safari hii vizuri, ndiyo tutaamua."

Asubuhi niliifungua kamera na kuitia begini bila kuitega tena. Nilikuja nikidhani kaka anakosa picha. Hakuwahi kukosa picha. Anasubiri ziwa limwamulie, ili siku nyumba ikianguka asiwe yeye aliyetoa kiwanja wala yeye aliyekinyima. Hilo ndilo nililotoka nalo Ujiji, na ni chungu kulimeza.

Mama alinisindikiza hadi kwenye bajaji, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Hamisi kasema nini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.