Mkono wa Bibi

Mimi nauza mchele Mbeya mjini, na kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu. Mtu anakuletea gunia, anaapa ni mchele wa Ubaruku, mrefu, unanukia. Juu ni wa Ubaruku kweli. Tia mkono mpaka chini, unakutana na chenga za mwaka juzi. Basi mimi natia mkono mpaka chini, hata kwa watu ninaosali nao kanisa moja. Wananiita mkorofi, na waniite.

Siku mzungu mmoja alipokuja kwa mama, Iringa, nilikuwepo kwa bahati tu, nimempelekea mama mchele na dawa zake za presha. Mzungu aliongozana na kijana wa kutembeza watalii, shati limepigwa pasi, maneno ya haraka haraka. Kijana akaeleza kwamba mgeni wake anatafuta picha za zamani za mashamba ya walowezi wa Kijerumani, wale waliokuwa huku milimani kabla ya vita kuu ya pili, na ameambiwa mama anayo moja. Nikauliza ameambiwa na nani. "Watu tu, mama," akasema. Kuanzia hapo nikawa nawaangalia mikono.

Picha ni kweli anayo. Imetundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Ni ya shamba alilokuwa anafanya kibarua bibi yangu, mama yake mama. Upande wa kulia wamesimama wazungu, waume kwa wake, wamependeza, wamenyoosha mikono mbele. Katikati kuna mlingoti na bendera iliyolegea, na alama yake haionekani yote, ni kama msalaba uliopindwa miguu. Sisi siku zote tulijua ni msalaba wa kanisa lao. Upande wa kushoto wamepangwa vibarua, nao mikono juu, na wa kwanza kabisa, karibu na mlingoti, ni bibi, bado binti. Mkono wa kulia kaunyoosha, wa kushoto kaushikiza tumboni. Humo tumboni alikuwamo mama.

Bibi alikufa mama akiwa bado anatambaa. Picha nyingine hakupigwa. Mama amezidi miaka themanini sasa, na sura ya mama yake anaijua kwenye ile fremu tu.

Tulipokuwa watoto tuliambiana kwamba bibi anatupungia, tukawa nasi tunampungia. Utani ukakomaa, ukawa desturi ya ukoo. Iwe kipaimara, iwe harusi, kabla ya kupigwa picha lazima mmoja aseme "mkono wa bibi", na wote tunanyoosha mikono, mpaka bibi harusi na shela lake. Mama peke yake ndiye asiyenyanyua. Anasema bega linamsumbua. Ila kila asubuhi akishakunywa chai anasimama mbele ya ile picha, ananong'ona maneno mawili matatu, halafu anaenda kwa kuku wake. Tulijua anasali.

Mgeni aliitazama picha kwa muda, akatoa simu, akaipiga picha. Alipogeuka ndipo akaona ukuta wa pili, picha zetu za harusi zimejipanga, ukoo mzima mikono imenyooka. Uso ukamwiva. Kikombe cha chai alichokuwa anakisifia akakiweka chini, akamwambia kijana maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema familia kubwa, hongereni."

Hongera gani ya urefu ule? Nikaomba nione alivyoipiga picha ya mama. Mgeni akanionyesha bila wasiwasi. Alikuwa amechukua wazungu na bendera. Vibarua wote wameachwa nje. Bibi yangu zilibaki ncha za vidole, pembeni kabisa.

"Muulize, mwenye vidole hivi yuko wapi?" nikamwambia kijana. Kijana akajifanya hajanisikia. Akasema badala yake kwamba mgeni anaomba aondoke na picha yenyewe, akaisafishe kwao, ataileta ikiwa mpya. Nikawasindikiza mpaka getini, mikono mitupu.

Pale getini nilimbana kijana. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi si mtu wa kuchezewa. Alichosema mle ndani kwa kirefu ni nini?" Akaangalia viatu vyake. Akasema mgeni alikuwa anauliza kama sisi ni wafuasi.

"Wafuasi wa nani?"

Ndipo akanieleza. Bendera ile haikuwa ya kanisa, ilikuwa ya mafashisti wa Ujerumani. Kunyoosha mkono vile kulikuwa kumsalimu kiongozi wao. Na picha za namna ile zilipigwa makusudi, zipelekwe kwao zikatangaze chama, watu waone kwamba hata Waafrika wa milimani huku wamekikubali.

Sikumwamini, maana ningemwaminije. Nikaingia mtandaoni mwenyewe. Nikakuta mikono ile ile, viwanja na viwanja vya mikono. Nikakuta mabango yamechorwa vijana wenye taya ngumu na akina mama wenye mashavu mekundu, yote yamepambwa ile alama ya miguu iliyopinda. Nikaendelea mpaka nikafika kwa watu waliokondeshwa nyuma ya seng'enge, nikaiweka simu chini. Nilimkumbuka binti yangu siku ya harusi yake, mkono mbele, anacheka. Nilichukia mpaka machozi yakanitoka.

Halafu nikaanza kumshuku bibi mwenyewe. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikavaa miwani, nikapanda kwenye stuli, nikamtazama usoni. Je, alipenda? Nilitafuta tabasamu, sikuliona. Nilikuta midomo imefungwa na macho hayaangalii bendera.

Kilichonisumbua zaidi ni mama. Nikimwambia, nimemnyang'anya mama yake anayempungia, na hana mwingine. Nisipomwambia, atakuja kuambiwa na mtu kama yule kijana. Nikaamua nitaitoa picha ukutani kimya kimya, niende nayo Mbeya, nimwambie fundi ambakize bibi tu, mkono ufichwe na fremu.

Asubuhi nikaishusha mama akiwa jikoni. Sikufika nayo mlangoni.

"Unampeleka wapi mama yangu?"

"Kioo kimeingia ukungu, mama. Nampelekea fundi."

"Wewe wa kuuza mchele, hujui hata kudanganya. Mzungu amekwambia nini?"

Nikakaa. Nikamwambia yote, nikiangalia sakafu. Nilipomaliza, yeye alikuwa anapangusa kioo kwa upindo wa kitenge chake, taratibu.

Akasema shangazi aliyemlea alimweleza zamani, yeye mwenyewe akiwa binti. Shangazi naye alikuwamo mle pichani, mstari wa nyuma. Siku hiyo vibarua walitolewa shambani wakapangwa, wakaambiwa mikono juu. Mzungu mmoja alikuwa anapita nyuma yao na fimbo. Mkono ukishuka, anaunyanyua kwa fimbo. Bibi alikuwa na mimba, jua kali, na mkono wake ulishuka mara nyingi.

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa wadogo, mnampungia bibi yenu mnacheka. Hakuwahi kuchekewa na mtu pale shambani. Nikasema acha apungiwe."

"Na bega lako?"

"Bega langu zima."

Simu ya yule kijana imeita mara nyingi tangu siku hiyo, sijaipokea. Mpaka leo sijui mgeni wake alitaka ile picha ya nini, na simwamini.

Mama alinirudishia fremu, akaniambia niitundike ilipokuwa. Nikaitundika. Akasogea, akasimama kama asubuhi zote, na safari hii nilikuwa karibu, nikasikia anachonong'ona, kwanza salamu ya kwetu.

"Kamwene, mama. Shusha mkono sasa. Wameshaondoka."

Kisha akaenda kuwafungulia kuku.