Tovuti yangu imetangaza lori ambalo halikuja

Leo tovuti yangu imewadanganya wamama wote wa kituo chetu cha majani chai!

Niliijenga Jumatatu, ionyeshe kama lori la kiwanda linakuja "leo".

Sikujua kurasa hizi hutayarishwa mara moja, kisha hubaki hivyo mpaka uzijenge upya.

Leo Jumatano bado ilisema: "Leo lori linakuja."

Wakachuma. Lori hakuna, na majani yanapata moto kwa magunia, yataharibika.

Nilitaka kukimbilia kompyuta nyumbani. Jirani yetu, Mama Kiprono, akanishika mkono, akaniketisha.

"Wee Chebet, huendi!"

Karani wa kituo chetu amepiga simu. Lori la kituo jirani litapitia hapa jioni.

Nikapumua, nikainuka tena niende nyumbani.

"Keti!" akasema Mama Kiprono. "Kesho tutaisoma tena. Itengeneze hapa hapa."

Mnaojua, inajengwaje upya kwa simu? Nijibuni haraka, wamama wamenizunguka.