Mbolea Niliyomwagia Mteremko

Kwa kilimo sina mpinzani hapa kijijini. Hilo lieleweke kabla hamjaanza kunicheka. Msimu huu niliwatangazia wanakijiji kuwa mahindi yangu ndiyo yatakayotuonyesha mbolea ya kutia kwenye shamba letu la ujamaa. Nikanyunyiza mbolea ya chumvichumvi juu juu tu, nikiona kuifukia ni kujichosha bure. Shemeji yangu Hoza, anayelima chini yangu kwenye mteremko uleule, alitia samadi. Nikamcheka. Jioni ikanyesha mvua kubwa.

Juzi niliwaleta watu wote watazame. Mahindi yangu yalikuwa mafupi, ya manjano. Ya Hoza yalikuwa yamemfunika mwenyewe.

“Hiyo ni samadi tu?” mwenyekiti akauliza.

“Samadi yangu,” Hoza akajibu, “na mbolea yote ya shemeji. Mvua ilinishushia. Asante, shemeji, na mwakani usifukie.”