Diski Ilianza Vibaya, Joto la Garissa Likalaumiwa

Kompyuta ya Khadra ilikuwa inapepewa na feni tatu, kama bwana harusi, na bado ilikuwa inasinzia.

Khadra ana studio ya video za harusi hapa Garissa mjini. Fundi wake ni binamu yake, Mustafe. Mustafe ni mtu ambaye jibu analo kabla hujamaliza swali.

"Ni joto, abaayo, dada yangu."

Shida ilianza siku Mustafe alipomwekea diski mpya, kubwa. Alinakili diski ya zamani vile vile ilivyokuwa, akajipiga picha nayo, akaiposti. Tangu hapo, video iliyokuwa ikitoka kwa muda wa kunywa chai ikawa inataka mchana mzima.

Mustafe akaleta feni. Haikusaidia. Akaleta ya pili. Ya tatu akaifunga kwa kamba ya mbuzi.

"Sasa itapaa," akasema.

Yaliyopaa ni makaratasi.

Ndipo akaingia Arbia, mama yake Hibo, bibi harusi ambaye video yake ilikuwa bado.

"Khadra, fideo iko wapi?"

"Inakuja, eedo, shangazi yangu."

"Inakuja na ngamia? Mama yangu anapasuliwa jicho Alhamisi. Amebaki na jicho hilo moja tu. Harusi alikosa, alikuwa mgonjwa. Anataka kuona mjukuu wake kabla madaktari hawajalishika. Wakiharibu je?"

Khadra akaangalia skrini: bado.

Mustafe alikuwa na jibu. Alishauri kompyuta ipelekwe kwenye friji ya mama muuza maziwa ya ngamia.

"Wallahi, baridi ndiyo dawa."

Khadra akamtoa nje, akafunga mlango, akaanza kusoma mwenyewe mtandaoni habari za diski.

Akagundua kwamba diski mpya, ndani yake, imegawanywa kwa vipande vikubwa kuliko diski za zamani. Vipande hivyo huitwa sekta. Ile sehemu ya kuhifadhia kazi, Mustafe alipoinakili, ilikuja na mwanzo wake wa zamani, ikaangukia katikati ya sekta badala ya ukingoni.

Ni kama msikitini, mikeka itandikwe vibaya, kila mtu awe nusu mkeka huu, nusu ule. Ukitaka kumwondolea mmoja mkeka, umewasumbua wawili. Diski ilikuwa inafanya kazi mara mbili kila ilipohifadhi kitu.

Joto halikuwa na hatia.

Khadra akaweka kwanza nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje. Kisha, kwa programu ya bure, akausogeza ule mwanzo hadi ukalingana na ukingo wa sekta. Alienda polepole. Mle ndani mlikuwa na harusi za nusu ya mji.

Akazima feni zote. Akabonyeza.

Video ikatoka kabla chai haijapoa.

Jumatano bibi yake Hibo akaitazama, simu ikiwa karibu kugusa pua.

"Bwana harusi ana masikio makubwa hivi," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Akaomba irudishwe mwanzo. Arbia akageuka ukutani, akajifuta macho na mtandio.

Basi Khadra akaenda kwa Mustafe, amejiandaa. Alishaamini jamaa ni tapeli, anaharibu mashine za watu ili aendelee kuitwa. Maneno makali aliyapanga njia nzima.

Akamkuta kibandani, laptopu yake mwenyewe imekaa juu ya beseni la barafu.

Ndani yake, diski kubwa mpya. Kanakili vile vile alivyofanya kwa Khadra.

"Hata yangu inasumbua," Mustafe akasema kwa huzuni. "Nafikiria kuhamia Nyahururu. Kule kuna baridi."

Khadra akameza maneno yote. Akavuta kiti, akaitoa laptopu kwenye barafu, akaanza kumweleza habari ya mikeka.

Tapeli ukimbana, anakimbia. Aliyeuamini uongo wake mwenyewe hakimbii; kesho anarudi kukusaidia tena. Kwa hivyo, ndugu zangu, kabla ya kulitukana jua letu, muulizeni fundi diski aliianzia wapi.