Siku Nilivusha Spika Kwenda Kumsikiliza Mama

Mimi mtu akiniambia kitu ni orijino, mkono unakwenda wenyewe mfukoni kushika pesa. Hapa Busia mpakani, upande wa Uganda, ndivyo tumelelewa. Nimeona viatu vya ngozi vikigeuka uji mvua ya kwanza. Nimeona simu mpya kwa boksi, ndani kipande cha sabuni. Kwa hivyo yule muuza redio wa upande wa Kenya aliponiambia, "Buda, hii dak ikiingia kwa nyumba yako utalia," nikamuuliza, "Nitalia juu ya sauti ama juu ya bei?"

Wacha nieleze dak. Muziki ulio kwa simu si muziki, ni nambari tupu zimepangwa. Dak ni kisanduku kinachukua zile nambari na kuzigeuza ziwe sauti, ndipo amplifaya inapata kitu ya kukuza. Kila simu ina yake ndogo ndani, lakini mtu mwenye ugonjwa wa spika kama mimi ananunua ya kando. Yangu nilikuwa nimeitoa Tororo, ndogo kama kiberiti, na ikifanya kazi sana inapata joto kama mtoto mwenye malaria.

Ugonjwa wangu una sababu. Mama yangu alikufa mimi bado nabebwa mgongoni. Picha yake ninayo. Sauti yake sina. Kilichobaki ni kaseti moja ya kwaya ya kanisa letu kule Lumino, na ukoo mzima unaapa mama yumo ndani anaimba. Kaseti ilikuwa imeanza kuliwa, nikaipeleka kwa jamaa mwenye studio Tororo akaitia kwa kompyuta. Tangu hapo namtafuta mama. Wanawake wamejaa humo kama mbuzi kwa lori, sauti zimeshikana kama ugali wa jana. Nikabadilisha waya. Nikatengenezewa spika na seremala wa majeneza, kwa sababu yeye ndiye ana mbao nzito isiyotetemeka. Mama hakutoka. Ikabaki dak.

Muuzaji alikuwa nazo mbili, ya kati na kubwa. Ya kati bei yake inauma. Kubwa bei yake ungepeleka posa na wakwe wakakusindikiza mpaka barabarani. Akacheza ule wimbo wa kwaya kutoka simu yangu, kwanza kwa ya kati, halafu kwa kubwa. Loo! Kwa ile kubwa ikatoka sauti moja ya mwanamke, nyembamba, iko mbele ya wengine wote, kama mtu amesimama nyuma ya shingo yangu. Nywele zikasimama.

"Huyo ni mama," nikasema.

"Si nilikuambia?" muuzaji akasema.

Hapo ndipo nikaanza kumshuku. Nilikuambia nini? Wewe ulimjua mama yangu wapi?

Nikamwangalia vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa unanionyesha dak. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya amplifaya, kidole kwa kile kifundo cha kuongeza sauti, kama mtu anapapasa paka. Nikajiambia, huyu ameongeza. Kitu chochote ukiongeza sauti kidogo, sikio linasema ni tamu zaidi. Hata mhubiri anajua hiyo.

"Shika basi, sikia uzito," akaniambia. Na mimi nikashika. Sisi watu wa mpakani tunanunua redio kama kabeji, mpaka uinue kwanza. Ikiwa nyepesi, feki. Ile kubwa ilikuwa nzito kama dhambi.

"Fungua kifuniko," nikamwambia.

"Utaharibu waranti."

"Waranti yako inaisha nikifika kwa geti la mpaka. Fungua."

Akafungua. Kwa sakafu ya ndani kulikuwa na bamba la chuma, pana, limefungwa na skrubu, halijaunganishwa na waya yoyote.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya kutuliza mtetemo."

"Hiyo ni ya kutuliza mteja."

Akacheka, mimi pia nikacheka, lakini hakuna mtu alimwamini mwenzake. Nikamwambia alete zote mbili kwangu nizijaribu kwa spika zangu. Akakataa. "Dak haivuki kabla ya pesa. Nyinyi wa Uganda ikifika kwenu inapata pasipoti." Basi nikamwambia, kama dak haivuki, spika zitavuka.

Nilihitaji na shahidi, kwa sababu mimi mwenyewe sauti ya mama siijui. Nilikuwa naitafuta kama mtu anatafuta ng'ombe ambaye hajawahi kumwona. Anayeijua ni senge, dada ya baba, aliyesimama bega kwa bega na mama kwa ile kwaya. Nikampata anamenya mihogo.

"Senge, kesho twende ng'ambo tukamsikilize mama."

"Amefika Kenya lini?"

Kesho yake tukapakia spika na amplifaya kwa mkokoteni, senge anatembea kando na mwavuli kama tunasindikiza maiti. Na kweli, mbao za majeneza, watu walikuwa wanavua kofia. Afande wa forodha akatusimamisha.

"Wewe nakwenda wapi na hii maspika?"

"Nakwenda kusikiliza, afande."

"Kusikiliza nini?"

"Mama."

"Mama si huyu?"

"Huyu ni senge."

"Na huyu senge yeye haongei?"

"Naongea kuliko wewe," senge akamwambia. "Tupishe, jua ni kali."

Akazunguka spika, akagonga, akaweka sikio. Alidhani tumeficha pombe ya waragi. Mwisho akasema, "Ukirudi bila hizi, najua umeuza. Ukirudi na zingine, najua umenunua."

"Nikirudi na hizi hizi?"

"Basi najua wewe ni mgonjwa."

Kwa duka nikaweka sheria. Senge akae kwa kiti, mgongo kwa mashini, asijue ipi inacheza. Muuzaji akae mbali, mikono kwa magoti kama mtoto wa chekechea. Kifundo cha sauti ni changu peke yangu. Na kwa simu nikafungua kile kitu cha kupima kelele, nikahakikisha kila dak inatoa kelele sawasawa. Kweli ile kubwa ilikuwa inapiga kelele zaidi tangu mwanzo, bila hata kidole cha mtu. Nikaishusha mpaka ikalingana. Muuzaji akaanza kujipangusa jasho na kitambaa cha kufutia redio.

Nikacheza ile kubwa. Sauti ya nyuma ya shingo bado iko, lakini sasa imerudi katikati ya wenzake. Nikamwangalia senge. Amefumba macho.

"Senge, mama yuko wapi hapo?"

Akaashiria nibadilishe. Nikaweka ya kati.

"Senge, na hapa?"

"Hiyo sauti nyembamba unayoniuliza," akasema, "ni yangu."

Nikazima. Muuzaji akainama kuangalia viatu vyake.

"Na ya mama?"

"Mama yako haimbi humo. Koo lilikuwa limemkauka miezi ile, wakampa kayamba atingishe."

Miaka yote hiyo! Ukoo mzima unaapa! Kitu cha kwanza kilinijia ni kwamba senge amehongwa. Halafu nikafikiria kwamba senge anataka kuwa staa, amwondoe marehemu kwa wimbo abaki yeye mbele. Nikamuuliza kwa ukali, kitu ambacho mtu hafanyi kwa senge yake, "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa unauliza kama mama yuko ndani. Yuko ndani. Washa tena hiyo uliyozima, na usinipigie kelele mbele ya watu."

Nikawasha ya kati.

"Sikiliza kayamba. Wengine wakipiga wanapiga tu, moja kwa moja kama mvua. Yeye sisi tukivuta pumzi, na yeye ananyamazisha. Alikuwa anasema kayamba nayo ina kifua. Yeye na mwalimu wa kwaya walikuwa wanagombana juu ya hiyo kila mazoezi. Haya... hapo. Umesikia? Hapo tena."

Nikasikia. Zile mbegu za ndani ya kayamba zinateleza, zinafika ukingoni, zinasimama. Kwaya inavuta pumzi. Halafu mkono unageuza, zinateleza tena. Mkono wa mtu. Nikaweka ile dak yangu ya Tororo niliyokuja nayo mfukoni. Shhhhh, kama mafuta ya kukaanga, hakuna kusimama hata mara moja. Nilikuwa nadhani ni uchafu wa kaseti, kumbe kuna siku nilikuwa karibu kumlipa jamaa wa studio auondoe.

Nikarudisha ile kubwa. Kayamba inasimama. Ya kati, inasimama. Kubwa, ya kati, bila kumwambia senge, na kila mara anainua kidole palepale.

"Nachukua ya kati," nikasema.

"Lakini kubwa ina upana zaidi," muuzaji akasema. "Ina hewa zaidi."

"Ina chuma zaidi," senge akamjibu, na yeye wala hakuwepo siku ya kifuniko. Nilikuwa nimempa habari yote njiani.

Kwa forodha afande alikuwa bado yuko. Akaona spika ni zile zile, akaona na kisanduku kipya, akafurahi sana. Nikalipa ushuru. "Ulimsikia mama?" akauliza. Nikamwambia nilimsikia. Alitaka kucheka, akaangalia uso wangu, akafungua njia.

Sasa, nyinyi mtasema hapo nikatulia. Hapana. Wiki nzima nilikuwa nakaa mbele ya spika nikijiuliza, na kama senge ametunga? Mtu akikuambia sikiliza kitu, utakisikia hata kama hakipo. Kwa hivyo nikamtega. Kwa ile kaseti kuna wimbo mwingine uliorekodiwa mama ameshazikwa, kwaya ile ile, kayamba pia ipo. Siku moja senge amekuja, ameketi kwa mlango anachambua maharage, nikaucheza huo, nikanyamaza. Nikamsubiri aseme huyo ni mama yako, nimkamate.

Hakugeuka hata kichwa. "Huyo si yeye," akasema. "Huyo anapiga kama anapepeta mtama wa jirani. Weka ule wetu."

Nikauweka.