Pale Fupi na Pale Ndefu

Kwetu Ukambani umbali haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa sauti. Muulize mtu duka liko wapi. Akisema "pale", fupi, kama anayefukuza nzi, nenda na ndala zako. Akisema "paale", vaa viatu. Na akiinua kidevu, akachongoa midomo na kusema "paaaale" mpaka sauti ikapanda na kupotelea huko juu, rudi nyumbani ukale kwanza. Kila aliyekulia kwetu anajua hivyo. Mume wangu anajua vizuri sana, ila tulipoanza kutafuta nyumba Kitengela alipatwa na uziwi wa ghafla.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Athi River, nyuma ya kiwanda alichofanyia kazi, nami nilikuwa nikifundisha shule ya msingi. Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama mkwe alibaki peke yake kijijini, na goti la kulia lililoanza kuvimba kila msimu wa baridi. Tulimwita Mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao. Tulimsihi aje aishi nasi. Akakataa, akakataa tena, kisha siku moja akakubali kwa sharti.

"Nitakuja," alisema. "Lakini kanisa nitaenda na miguu yangu, na soko na miguu yangu. Siku nitaanza kuomba mtu anipeleke, mnirudishe kwangu."

Hakuwa anatania. Tukinunua nyumba iliyo mbali na watu, angekaa wiki mbili kwa heshima, kisha angefunga kiondo chake na kurudi kwenye ile nyumba ambayo hapakuwa na mtu wa kumsikia akianguka. Niliogopa jambo hilo kuliko nilivyoonyesha. Nilimpenda mama yule, hata aliponiambia mbele ya wageni kwamba ugali wangu unahitaji maombi.

Mume wangu naye alikuwa na ndoto zake. Alitaka kuamka asubuhi, afungue dirisha, aone punda milia. Nilimkumbusha kwamba punda milia hawauzi chumvi. Akasema mimi sina macho ya kuona mbele.

Basi akapata dalali, mtu mwenye koti la mifuko mingi na neno moja tu mdomoni, "hapo". Barabara hapo tu. Maji hapo tu. Shule hapo tu. Stima ilikuwa haijafika, lakini ilikuwa inakuja, nadhani kwa miguu.

Jumamosi moja Mwaitu akashuka kutoka nyumbani ili tukaone pamoja shamba ambapo tungejenga nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mwenye shamba, mzee wa Kimaasai aliyevaa shuka mbili na kofia ya sufu, alikuwa akitungoja kando ya lami.

"Sopa!" akatusalimu.

"Epa!" Mwaitu akajibu kabla ya sisi wote, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. Ndilo neno pekee la Kimaasai alilolijua na alikuwa amelitunza kwa ajili ya siku kama hiyo.

Tukaanza kutembea. Anayeujua udongo mweusi wa Kitengela ukilowa hahitaji maelezo. Kila hatua unaongezeka urefu, na kila kiatu kinakuwa na uzito wa mtoto mchanga. Mzee alitangulia na rungu lake mabegani, mkavu, mwepesi. Dalali alifuata akisema hapo tu. Mume wangu alikuwa akitazama upeo wa macho kama mtu aliyeoa jana.

"Shamba iko wapi sasa, mzee?" Mwaitu akauliza.

"Pale," mzee akajibu.

Tukatembea. Nyumbu wachache wakatutazama, wakaona hatuna maana, wakaendelea kula.

"Mzee, bado?"

Mzee akasimama. Akainua kidevu kuelekea miti ya migunga iliyokuwa imesimama kwenye ukungu, midogo kama vijiti vya kiberiti. "Paaaaale," akasema, na sauti ikapanda, ikakaa huko.

Mwaitu akatafuta jiwe, akaketi. Akatoa kijiti kwenye nywele na kuanza kuchokonoa matope kwenye viatu, bila haraka.

"Mwaitu, tumebakisha kidogo tu," mume wangu akamwambia. "Dalali amesema ni hapo."

"Dalali hata Mombasa ni hapo," akajibu. "Mimi nasikiza mzee. Huyu mzee hajatudanganya. Ameivuta vizuri kabisa. Ni wewe umekataa kusikia."

Mzee akacheka mpaka akaegemea rungu. Akasema yeye huenda lamini na kurudi kila siku na haoni shida, ila kwa mama mwenye goti, hapana, hapo si kwake. Akampa Mwaitu mkono kumwinua. Tukarudi tulikotoka, mume wangu nyuma yetu, akigeuka kila mara kuwaaga punda milia ambao hata hawakuwa wametokea.

Jioni ile alimwona mama yake akikanda goti kwa mafuta ya moto jikoni, akajifanya anatafuta redio.

Nyumba niliipata mimi, kupitia mwalimu mwenzangu. Ilikuwa mjini Kitengela penyewe, nyuma ya safu ya maduka: vyumba vitatu vya mawe, paa la mabati, ua mdogo ambao ukinyoosha mikono unampapasa jirani. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kisomali aliyekuwa na duka la vitambaa upande wa mbele, na familia yake ilikuwa imeongezeka mpaka nyumba ikawakataa. Upande mmoja kulikuwa na mashine ya kusaga unga, inayopiga kelele tangu asubuhi. Upande wa pili mtu alifuga mbuzi. Mume wangu aliingia, akafungua dirisha la chumba cha kulala, na akakutana ana kwa ana na ukuta.

"Hii nyumba haina mahali pa kuangalia," akalalamika.

Mwaitu hata hakuingia. Alisimama mlangoni na kumhoji mwenye nyumba.

"Mama, kanisa iko wapi hapa?"

"Hapa," mama yule akasema. Hakuinua hata kidevu. Alitupa jicho tu juu ya ukuta, ambapo paa la buluu lilikuwa likichungulia. "Kelele yenu naisikia kila Jumapili."

"Na soko?"

"Hapa."

"Daktari?"

Akafikiri kidogo. "Hapo."

Mwaitu akanigeukia. "Hii ndiyo nyumba."

"Mwaitu, hujaona ndani!" mume wangu akalia.

"Ndani nitaona nikilala."

Tukainunua. Na Mwaitu akaingia mtaani kama aliyezaliwa hapo. Alikwenda kanisani kwa miguu, na mapema, ili awaone wanaochelewa. Alikwenda sokoni kununua nyanya moja, akarudi, akaenda tena kununua kitunguu, maana angevinunua pamoja angepata habari mara moja tu. Alimfundisha mama wa duka la vitambaa kusalimu "wacha" kwa Kikamba, naye akafundishwa maneno ya Kisomali ambayo alikataa kututafsiria. Mume wangu, baada ya mwaka wa kununa, aligundua kwamba anaweza kufuata gazeti na kandambili miguuni. Wageni wakija alikuwa akiwaambia kwamba yeye alikuwa ameona mbele, alijua mji utakua. Nami niliendelea kupakua chakula.

Na mji ulikua kweli. Magorofa yakapanda, paa la buluu likabaki likichungulia katikati yake, palepale lilipokuwa.

Jumapili moja, miaka mingi baadaye, nilikuwa nikiosha vyombo uani. Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na geti, amevaa kitambaa cha kichwa cha kwenda ibada, lakini hakuwa ameondoka. Nilidhani anaota jua. Msichana mgeni mtaani akapita, Biblia kwapani, akamsalimu na kumwuliza kanisa liko wapi.

Mwaitu akainua kidevu kuelekea paa la buluu. "Ni paaaale," akasema, na sauti ikapanda, ikakaa huko.

Sufuria ikanitoka mkononi.

Mume wangu alikuwa mlangoni na gazeti. Akacheka. "Mwaitu, si ni hapa!" Mama yake aliendelea kulitazama paa lile, mkono juu ya goti. Nikaona kicheko kikimtoka mume wangu polepole usoni. Safari hii alikuwa amesikia.

Nilijua alichokuwa akiogopa, kwa sababu nami nilikiogopa. Sharti halikuwa limesahaulika. Akiomba apelekwe, atataka arudishwe kwao, na Mwaitu hakuwa mtu wa kubadilisha neno. Ndiyo maana alikuwa ameketi pale amevaa, haombi.

Mume wangu akaweka gazeti chini. Akaingia ndani, akatoka na viatu na koti, mtu ambaye kanisani alionekana Krismasi na kwenye harusi tu. Akasimama kando ya kigoda.

"Mimi naenda kanisa," akasema, akitazama pembeni. "Sijui kama utanipeleka. Hiyo njia mimi sijaizoea."

Mwaitu akamkagua kutoka viatu hadi nywele. "Ni mbali," akamwambia.

"Hapana, Mwaitu. Ni hapo tu," akajibu, kwa sauti ileile ya dalali.

Mama mtu akacheka, akamshika mkono, akamwacha amdanganye.