Rupia Isiyo na Masharubu

Harufu ya majivu na limau hunirudisha Temeke, kwenye duka la babu yangu mzaa baba. Mbele aliuza misumari na bawaba; nyuma ya kaunta alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa sarafu za kale. Watu walimletea heleri na rupia za Mjerumani, wengine wakitoka mbali, Gongo la Mboto huko, kila mmoja akidhani ameokota utajiri. Babu aliwapa kahawa wote, na wengi waliondoka na sarafu zao mfukoni.

Mimi nilikaa juu ya ndoo ya misumari nikijifunza. Alinieleza kwamba sarafu hubanwa katikati ya mihuri miwili. Ikibanwa kivivu, fedha haijai kwenye michoro, na uhafifu huo utauona pande zote mbili, mahali palepale, lakini ngozi ya sarafu hubaki nzima. Iliyoharibiwa baadaye huwa na mikwaruzo, na mara nyingi ni upande mmoja tu ulioumia.

"Geuza kwanza, ndiyo useme," alinikazania. Nilipotoa hukumu kabla ya kugeuza, alinifinya sikio.

Kulikuwa na rupia moja isiyouzwa, ya marehemu mama yake. Kwetu, mtoto akifikisha arobaini aliogeshwa rupia hiyo ikiwa ndani ya beseni. Siku nyingine zote ilifungwa kwenye kitambaa, na ilikuwa nyeusi tii hata michoro yake ilionekana kwa shida.

Ilipofika arobaini ya mdogo wangu, mama alikabidhiwa rupia tangu jana yake. Mama alitoka Kondoa, na kwao kitu cheusi hakiletwi mbele ya wageni. Masufuria husuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ujione sura. Asubuhi rupia iling'aa ndani ya beseni. Shangazi, dada yake baba, aliinama akaitazama. Mfalme wa Kijerumani, ambaye kwenye rupia nyingine zote alikuwa na masharubu ya majivuno, hapa mdomo wake ulikuwa mtupu kama wa mtoto.

"Baba, njoo uone! Wifi kasugua rupia ya bibi mpaka kaimaliza. Si nilisema mie? Huyu arudi kwao tu!"

Hakuwa anatania. Tangu mama aolewe, shangazi alikuwa akitafuta sababu ya kumrudisha Kondoa, na baba yangu hakuwa mtu wa kubishana na dada yake. Nilikuwa nimemshika mama mkono, na vidole vyake vilinuka majivu na limau. Niliogopa sana.

Babu aliichukua rupia, akaifuta kwa kanzu, akaisogeza karibu na miwani. Kisha akanyoosha kiganja ili wote waione.

"Haijasuguliwa hii. Imezaliwa hivi, chapa yake ilikuwa hafifu. Nyie mlikuwa mnaona weusi tu." Akairudisha majini. "Haya mwanangu, mwogeshe mtoto, maji yanapoa."

Kwa habari ya sarafu, nani angembishia Babu? Shangazi alisonya akaenda kuangalia pilau. Mama alipiga magoti akamwogesha mwanawe huku machozi yakidondokea beseni, na mimi nikamwamini Babu kwa miaka yote iliyofuata.

Babu alipofariki, rupia ilikuja kwangu. Mwaka huu, arobaini ya mwanangu ilipokaribia, nikiwa nyumbani kwangu Kimara, niliitoa kitambaani nikaipeleka dirishani. Uso wa mfalme ulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja. Nikaigeuza. Simba wa upande wa pili alikuwa mzima, manyoya yake yanahesabika, na mtende nyuma yake haukupungukiwa hata jani.

Ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile Babu hakuigeuza. Yeye aliyenifinya masikio! Nilicheka peke yangu, kisha nikalia.

Siku ya arobaini yenyewe, shangazi, mzee sasa, alichungulia beseni. "Ndiyo ile iliyozaliwa bila masharubu?"

"Ndiyo hiyo, shangazi."

Mama alikuwa upande wa pili wa beseni amempakata mjukuu wake. Alinitazama, nami nikamtazama. Nikaingiza mkono majini, nikaiweka rupia sawasawa, mfalme juu, simba chini.